Nimelipa laki nne kutangaziwa vifaranga, nimeletewa watazamaji laki moja na mnunuzi hakuna!

Wakuu, naandika hapa na kelele za vifaranga ziko sikioni.

Natotolesha kuku Kihonda, Morogoro. Sasso na Kuroiler. Wateja wangu nawajua kwa sura: akina mama wa Mikese na Dumila, vikundi vya vijana Mvomero, wastaafu wawili watatu. Akaja kijana mmoja anayejiita mtaalamu wa kontenti: "Mzee, soko liko kiganjani mwako, wewe umelala." Nikatoa 400,000. Nikajaza mayai kwenye mashine, nikaanza kuhesabu siku 21.

Kazi aliyoleta sasa! Binti kavaa miwani meusi, kashika kifaranga kama kashika simu mpya, anacheza singeli bandani kwangu. Bei haipo. Mahali hapatajwi. Namba ya simu ni ndogo kama punje ya ulezi, inapita kabla hujavaa miwani.

Video ikapaa kweli, watazamaji laki na ushee. Wa kwanza kupiga yuko Lubumbashi, anauliza kama natuma. Wa pili Mombasa. Wa tatu anataka namba ya yule binti, na kuanzia hapo wote ni namba ya binti tu.

Nikamwambia yule mtaalamu, nifungulie takwimu za ukurasa. Wengi ni wa miaka 18 hadi 24, wako Dar na Nairobi. Morogoro haimo hata kwenye orodha! Sasa ile hela ya kusponsa ulifanyia nini? Pale pa kuchagua mji na kilomita za kuuzunguka, uligusa? "Mzee, ukibana eneo video haipai." Ipae iende wapi? Nauza kuku mimi!

Na kifaranga hangoji mtu. Anatoka na akiba ya kiini tumboni. Siku mbili za mwanzo unampakia kwenye boksi anasafiri na basi bila shida. Zikipita hizo, ni joto, chakula na chanjo, vyote mfukoni mwangu. Walitoka 600. Leo wana siku ya tisa.

Juzi, siku ya chanjo ya kideri, mke wangu kachoka kunisikiliza nikilalamika. Kachukua simu yake yenye kioo kilichopasuka, kajirekodi akichanganya chanjo, anaeleza kwa nini hatumii maji ya bomba yenye klorini, maana yanaua chanjo. Bei kaitaja mwanzoni kabisa, na kwamba tupo Kihonda. Kaitupa kwenye magrupu ya WhatsApp ya VICOBA. Waliotazama hawajazi daladala tatu. Wamechukua vifaranga 220.

Nimempigia mtaalamu anirudishie hata nusu. Kaniomba nimtumie hiyo video ya mke wangu, aiongezee singeli.

Kuna aliyewahi kurudishiwa hela na hawa watu? Mlifanyaje?