Naomba ushauri: sanamu ya Zoro ya shilingi 6,500 mjini, au niagize halisi kutoka Japani?

Panga Tatu (mwanzilishi wa uzi)

Wanajukwaa, hamjambo. Ninaandika kutoka Umoja, hapa Nairobi, na jambo ninalolileta limenisumbua kwa wiki tatu, kwa hiyo naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kunijibu.

Nimeipenda anime, yaani katuni za Kijapani, tangu kidato cha pili, enzi zile tulipokuwa tukinunua diski zilizonakiliwa kwa shilingi 50 katikati ya jiji na kuzipitisha nyumba kwa nyumba mpaka zikakwaruzika zisisomeke tena. Sasa nina kazi, ninajilipia kodi ya nyumba, na kwa miaka minne nimekuwa nikikusanya sanamu za wahusika. Ninazo kumi na moja katika kabati la vioo, na kwa kila moja ninaweza kukueleza niliipata wapi na nilijinyima nini ili niipate. Ninayoitamani kuliko zote ni ya Roronoa Zoro, mpiganaji wa upanga katika hadithi ya maharamia ya One Piece, ya kipimo cha 1/8 (sehemu moja ya nane ya urefu wake), akiwa na panga zake tatu.

Kuna muuzaji mjini anayeiuza kwa shilingi 6,500. Huko Japani sanamu hiyohiyo inakaribia shilingi 17,000 kabla ya gharama ya kuisafirisha. Jumamosi nilikwenda kuiangalia. Uso wake unang'aa kama uliopakwa mafuta, rangi ya kijani ya nywele imevuka mpaka wake ikashuka kwenye paji la uso, na zile hereni tatu za sikio la kushoto zimeshikana zikawa donge moja. Muuzaji anasisitiza kuwa ni mali halisi ila imetolewa kiwandani bila sanduku.

La pili ndilo zito zaidi. Nilipomwomba kaka yangu mkubwa ushauri, aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu: ikiwa wachoraji wa anime hulipwa kidogo kama ninavyomsimulia kila siku, na pesa ya sanamu haiwafikii, kuna ubaya gani nikinunua ya bei nafuu? Naomba mnisaidie katika yote mawili.

Mkaazi wa Buruburu

Ndugu, hiyo ni bandia, na hereni peke yake zinatosha kukuthibitishia. Viwanda vya bandia huchukua sanamu halisi, hutengeneza kalibu kutoka kwayo, kisha humwaga plastiki humo. Ndiyo sababu vitu vyembamba kama hereni, ncha za nywele na mikunjo ya nguo hupoteza umbo. Ukipata nafasi ya kuinusa, inuse. Plastiki duni mara nyingi hutoa harufu kali inayokaa chumbani kwa siku kadhaa. Halafu maelezo ya kwamba imetoka kiwandani bila sanduku yamekuwa wimbo wa wauzaji wengi, nami nimeyasikia zaidi ya mara moja. Sanduku la sanamu ya One Piece iliyotolewa kwa leseni Japani huwa na kibandiko kidogo kinachometameta chenye jina la Toei Animation, studio inayotengeneza anime hiyo. Kibandiko chenyewe nacho huigwa, kwa hiyo usikitegemee peke yake, lakini kukosekana kwa sanduku zima kunakunyima hata ushahidi huo mdogo.

Ukiwa na watoto nyumbani, fikiri mara mbili zaidi. Hakuna anayeweza kukuambia kama rangi iliyopakwa ina sumu au la.

Dada wa Kayole

Ninakubaliana na aliyetangulia, ila naomba tusimfanye anayenunua bandia aonekane mkosaji. Sanamu zangu tatu za kwanza zilikuwa bandia, na nilizinunua kwa pesa nilizoweka kidogokidogo kwa miezi mitano bila kujua kwamba kuna tofauti. Aliyenieleza alinieleza kwa upole, na kwa sababu hiyo nimebaki katika burudani hii hadi leo.

Karani wa Mizigo

Mimi hufanya kazi ya uwakala wa forodha, kwa hiyo nitajibu la gharama tu, kwa maana hapa ndipo wengi huumia. Ushuru hautozwi kwa bei ya sanamu pekee. Thamani inayotumika hujumlisha na gharama ya kuisafirisha pamoja na bima, na watu hulisahau jambo hili wanapopiga hesabu usiku mbele ya kompyuta. Tuseme sanamu ni shilingi 17,000 na usafirishaji ni 5,500. Thamani yako imekuwa 22,500. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni 5,625, na sasa umefika 28,125. Juu ya hapo inakuja VAT ya asilimia 16, ambayo ni 4,500. Umeshafika shilingi 32,625 kabla ya ada ya tamko la uagizaji na tozo ya reli. Sanamu ya 17,000 imekaribia kuwa maradufu, na hakuna aliyekuibia.

Unachoweza kupunguza kihalali ni usafirishaji. Watu watatu wakiagiza kwa sanduku moja, gharama ya kila mmoja hushuka, na ushuru unaotozwa juu ya gharama hiyo hushuka pia. Tafadhali usimwombe muuzaji aandike thamani ya uongo kwenye ankara. Mzigo ukikaguliwa na thamani ikatiliwa shaka, utakaa wiki nyingi huku ukijieleza, na sanduku likipotea bima italipa kile kilichoandikwa tu.

Mchoraji wa Kangemi

Ninachora uhuishaji hapa Nairobi, na swali la kaka yako limenigusa kwa sababu nami nimeulizwa vivyo hivyo.

Kaka yako amesema ukweli nusu. Anime nyingi hugharamiwa na kamati ya utayarishaji, yaani kundi la kampuni kama mchapishaji wa manga (vitabu vya katuni vya Kijapani), kituo cha televisheni, kampuni ya muziki na mtengenezaji wa vinyago, ambazo huchangia mtaji na kugawana faida. Mara nyingi studio inayochora hulipwa kiasi kilichokubaliwa ili ikamilishe kazi, na isipokuwa imeweka pesa zake katika kamati hiyo, haipati fungu katika mauzo ya sanamu hata mfululizo ukivuma dunia nzima. Chini yake yuko kijana anayechora michoro ya kati, ile inayounganisha mwendo mmoja na mwingine, ambaye kwa kawaida hulipwa kwa kila mchoro, takriban yeni 200. Hesabu mwenyewe ni michoro mingapi unayohitaji kuchora kwa mwezi ili ulipe chumba Tokyo.

Tatizo hili lina mizizi mirefu. Osamu Tezuka, mtunzi wa manga, alipoipeleka Tetsuwan Atomu, hadithi yake ya mvulana roboti, kwenye televisheni mwaka 1963, aliiuza kila sehemu kwa bei ya chini kuliko gharama ya kuitengeneza, akitegemea bidhaa za mhusika wake kuziba pengo. Studio yake, Mushi Production, ilifilisika mwaka 1973, lakini desturi ya bajeti finyu ilikuwa imekwisha kukita. Kwa hiyo sanamu na anime zimefungamana tangu mwanzo, na hilo ndilo jibu langu kwa nusu ya pili ya swali: ukinunua halisi, mtunzi wa manga na wenye haki hupata mrabaha, mchongaji wa sanamu hulipwa kwa kazi yake, na kamati huona sababu ya kugharamia msimu mwingine. Ukinunua bandia, mnyororo wote huo unakatika. Mchoraji wa chini kulipwa kidogo ni dhuluma, lakini dhuluma hiyo haipungui kwa kumnyima na mchongaji.

Wala si kila studio iko hivyo. Kyoto Animation, ile iliyochomwa moto Julai 2019 na kupoteza watu 36, ilijulikana kwa kuwaajiri wachoraji wake kwa mshahara badala ya kuwalipa kwa kila mchoro. Studio za namna hiyo zikiuza bidhaa zao wenyewe, zinunueni. Na manga ya One Piece unaweza kuisoma kihalali kwenye programu ya Manga Plus ya mchapishaji wake, Shueisha, ambapo sura mpya hutolewa bila malipo. Ninaitaja kwa sababu bado ninawaona watu wenye simu nzuri wakisoma nakala za wizi.

Fundi wa Gundam

Nyongeza fupi. Bajeti ikikubana wakati unaweka akiba, jaribu vifaa vya kuunga vya Gundam, roboti wa anime, vya kipimo cha 1/144. Huhitaji gundi, sanduku lake ni jepesi, na utapata jioni kadhaa za kazi ya mikono.

Panga Tatu (mwanzilishi wa uzi)

Ninawashukuru kwa dhati. Jana nilirudi kwa yule muuzaji na kuinusa sanamu kama nilivyoelekezwa. Harufu yake ilikuwa ya viatu vipya vya plastiki vilivyoachwa juani. Nilipoipindua, chini ya wayo wa kulia palikuwa na ukingo mkali wa plastiki ambao hakuna aliyeusugua, mahali ambapo mpwa wangu wa miaka minne angefikia kwanza. Nimemwambia muuzaji kwa heshima kwamba sitainunua.

Wawili kati yenu mmeniandikia kwamba mko tayari tuagize pamoja, nami nitasubiri hadi Desemba ili hesabu ya Karani itimie bila kukopa. Dada wa Kayole, umenifundisha jinsi ya kuzungumza na rafiki yangu aliyenunua pacha wa sanamu hiyo mwezi uliopita.

Kuhusu kaka, nilimsomea maneno ya Mchoraji kisha nikamwonyesha picha mbili za sikio la kushoto, ya mjini na ya halisi, zikiwa sambamba kwenye simu. Alizikuza kwa vidole na kuhesabu hereni za ile ya pili moja baada ya nyingine: tatu, kila moja ikiwa na kivuli chake. Kisha akaniuliza hadi Desemba nitakuwa nimepungukiwa na kiasi gani.