Kadi za Wason: anayechagua 4 amekosea kweli?

Jioni_Njema: Wadau, katika jaribio la mwanasaikolojia Peter Wason, mezani kuna kadi nne: A, K, 4, 7. Kila kadi ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Kanuni: yenye irabu huku, kule ina namba shufwa. Geuza zile tu za kuipima kanuni hiyo. Mantiki inataka A na 7, maana hizo tu zinaweza kuivunja kanuni; 4 haiivunji hata nyuma kukiwa na herufi gani. Wengi huchagua A na 4, au A peke yake. Wanasaikolojia Oaksford na Chater (1994) wanawatetea hao wa 4. Kivipi?

Mizani: Wamebadilisha swali. Kwao mtu hatafuti kuivunja kanuni, anatafuta kadi itakayompunguzia shaka. Pambanisha dhana mbili, nusu kwa nusu: irabu huja na shufwa daima, au havihusiani kabisa. Weka uwezekano wa irabu 0.1, na wa shufwa pasipo irabu 0.1. Taarifa inayotarajiwa, yaani wastani wa shaka ambayo kadi itapunguza, kwa biti (shaka yote ya nusu kwa nusu ni biti 1): A 0.76, 4 0.16, 7 0.05, K sifuri. Ndio mpangilio wa machaguo ya watu. Njia yenyewe ni ya mwanasaikolojia John Anderson (1990): taja lengo, eleza mazingira, weka masharti machache ya ukokotoaji, tafuta jibu bora, kisha linganisha na data.

Mpingapinga: Mkuu, hiyo 0.1 imetoka wapi? Irabu ni 5 kati ya herufi 26 za Kiingereza, shufwa ni nusu ya namba zote. Weka 0.19 na 0.5 urudie: 4 inashuka hadi 0.02, 7 inapanda hadi 0.10. Mpangilio umepinduka! Bowers na Davis (2012) walibana hapohapo: ukijipangia mazingira baada ya kuona majibu, "jibu bora" hulikosi. Na hata hesabu ikilingana, bado hujasema akili inafanyaje kazi hiyo. Ndilo lalamiko la Jones na Love (2011).

Mizani: Utetezi wa Oaksford na Chater ni kwamba watu huja na mazoea ya nje ya maabara, ambako kanuni nyingi huhusu vitu adimu. "Kunguru wote ni weusi": nani atakagua kila kisicho cheusi?

Mpingapinga: Basi badilisha uwezekano ndani ya jaribio lenyewe, utabiri kwanza, ndipo uhesabu machaguo. Oberauer na wenzake (1999) walifanya hivyo. Machaguo hayakufuata utabiri.

Jioni_Njema: Kumbe ugomvi wote uko kwenye 0.1. Narudia hesabu kwa 0.3.