Tupeane uzoefu: kitabu gani cha fani kilikufaa kazini? Kompyuta, biashara, uchumi wa afya

Mleta mada, Mtwara mjini

Wakuu, habari za jioni. Tupo watu saba, wengine Shangani, wengine Chikongola. Wawili wako hospitali, mmoja ana duka la dawa, waliobaki tunahangaika na kompyuta na hesabu za ofisi za watu. Tangu Januari tunachanga elfu kumi kumi kila mwezi tununue vitabu vya fani vya kuazimana. Kabati limeshapatikana, seremala kalipaka dawa ya mchwa. Mpaka juzi tulikuwa na laki tatu na nusu.

Kazi ni kuchagua. Kitabu kimoja cha chuo kikiagizwa kutoka nje kinaweza kumeza hela yote, kwa hiyo hatuna nafasi ya kukosea. Orodha za mitandaoni tumezisoma, ni sifa tupu. Naomba kitu kingine: kitabu ulichosoma mwenyewe, ukaenda nacho kazini, kikakufumbua macho. Na hilo jambo lenyewe ulitaje. Kama kilikushinda, sema pia, kitatuokolea hela.

Naanza mimi. The Mythical Man-Month cha Frederick Brooks, kilitoka 1975. Huyu bwana aliongoza utengenezaji wa OS/360, programu ya kuendesha kompyuta kubwa za kampuni ya IBM, miaka ya 1960, kwa hiyo anaandika yaliyompata. Mimi nilikisoma nikiwa nimeshaumia. Tulikuwa watatu tunaweka mfumo wa mapokezi na malipo kwenye kituo kimoja cha afya, tumechelewa wiki tatu, mwenye kazi akatuletea vijana wanne ili tuwahi. Wiki nzima sikuandika hata mstari mmoja wa programu, nilikuwa mwalimu. Wiki iliyofuata vijana wawili wakagusa sehemu moja bila kuambiana, na risiti zikaanza kutoka na jina la mgonjwa aliyetangulia. Mama mmoja alirudi dirishani na risiti ya mwanamume mkononi, ananiuliza kama hela yake imepotea.

Brooks anaonyesha kwa hesabu. Watu watatu wana njia tatu za kuambiana mambo. Saba wana 21. Kumi wana 45. Kila njia inakula muda, ndiyo maana kazi ya programu iliyochelewa ukiiongezea watu inazidi kuchelewa. Natamani ningekuwa na ukurasa ule siku ile.

Karibuni.

Karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), Tandahimba

Asante mkuu kwa mada. Changu ni The Goal cha Eliyahu Goldratt, cha 1984. Kimeandikwa kama riwaya: meneja wa kiwanda kinachokaribia kufungwa anatafuta kinachomchelewesha. Kuna sehemu anaongoza watoto kwenye matembezi ya porini, msafara unatawanyika kwa sababu mtoto mmoja anatembea polepole, na yeye anagundua kwamba mwendo wa wote ni mwendo wa yule mmoja.

Msimu ule wa korosho foleni ya wakulima ilikuwa inafika mpaka kwenye mwembe wa shule. Kila mtu analaumu mzani, bodi ikawa inazungumzia kununua wa pili. Nikakaa siku nzima nikipima kwa saa ya simu. Gunia kupimwa, dakika moja haiishi. Kumwandikia mkulima stakabadhi yake, dakika tano mpaka saba. Jina, kilo, daraja, akaunti ya benki, nakala tatu za kaboni. Mwiba ni akaunti. Mzee anafungua mfuko wa rambo, anatoa kadi iliyofutika, tunasomeana tarakimu moja moja, tunakosea, tunachana, tunaanza upya. Tarakimu moja ikipotea, hela ya mnada haimfikii, na hapo nyumbani kwangu hakulaliki.

Tukampa kijana daftari, akawa anapita kwenye foleni kuchukua majina na akaunti kabla mtu hajafika mezani. Mzani ni uleule. Siku ya tatu tulifunga kabla ya magharibi. Goldratt anaonya kwamba ukizibua palipobana, ubanaji unahamia kwingine, na ulihamia kweli: magunia yakaanza kulala nje yakisubiri lori la kwenda ghala kuu. Hilo bado tunapambana nalo.

Nunueni hicho. Hata asiyependa vitabu vya biashara atakimaliza, na Kiingereza chake ni chepesi.

Fundi kompyuta, Lindi

Mimi naleta tahadhari. Nilinunua kitabu cha mtumba cha Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, Dar, kwenye vitabu vya kupanga chini, elfu kumi na tano. Kizuri, kinene. Nikakaa nacho usiku mbili na mfano wa kwanza kabisa unakataa. Kitabu kinaandika print (amri ya kuonyesha maneno kwenye kioo) na maneno yake bila mabano, kompyuta yangu inadai mabano. Kumbe kimeandikwa kwa Python 2, mashine ina Python 3. Python 2 ilisitishwa rasmi 1 Januari 2020. Nilikuwa peke yangu, hakuna wa kumuuliza, nikajiona sina akili ya kompyuta. Nusura niache.

Kabla hujalipa, fungua ukurasa wa nyuma ya jina, tazama mwaka. Hicho cha Brooks ni cha watu na kazi, kinaweza kuwa cha zamani kisiharibike. Kinachofundisha kuandika amri kwa lugha fulani ya kompyuta huwa kinachacha.

Mtunza takwimu, Nachingwea

Pole sana kaka wa Lindi. Cha Python nilichotumia mimi ni Automate the Boring Stuff with Python cha Al Sweigart, na chote unakisoma bure kwenye tovuti ya mwandishi mwenyewe, kwa ridhaa yake. Hakijamlenga mhandisi. Kinamlenga mtu wa ofisini anayerudia kazi ileile kila mwezi.

Kazi yangu ni kuunganisha majedwali ya zahanati. Kila mwisho wa mwezi nafungua faili moja moja, nanakili, nabandika, mpaka macho yanauma. Nikasoma sura ya kushughulika na majedwali, nikaandika programu ya mistari kama arobaini. Ikafanya kazi ya siku mbili kwa muda wa kunywa chai.

Lakini sikilizeni kilichonipata. Jumla za mwezi wa nne zikatoka kubwa kupita kiasi. Baadhi ya kompyuta za vituo ziliandika siku kwanza, nyingine mwezi kwanza, kwa hiyo 03/04 ya mmoja ni Aprili na ya mwenzake ni Machi. Nilipokuwa nanakili kwa mkono jicho lilikuwa linaliona kosa hilo bila mimi kujua. Programu haikuliona. Sasa kila faili inaingia kwa tarehe yenye jina la mwezi kwa herufi, na ninakagua vituo vitatu kwa macho kabla sijatuma kitu.

Mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Lindi

Wanangu, cha kwangu ni The Effective Executive cha Peter Drucker. Ushauri mmoja tu ndio nilioufuata: andika muda wako unakokwenda, usikisie. Niliandika wiki tatu kwenye daftari la mkopo. Nilidhani nauza. Asubuhi zangu zote nilikuwa nawapigia simu wadaiwa. Nikaacha kukopesha saruji, nikabakiza mkopo kwenye misumari na rangi kwa mafundi ninaowajua. Sura nyingine zinahusu makampuni makubwa, nilizipita.

Muuguzi, Newala

Kwenye uchumi wa afya mtatajiwa sana Methods for the Economic Evaluation of Health Care Programmes cha Drummond na wenzake. Kilitoka mara ya kwanza 1987, toleo la nne ni la 2015. Mimi ninacho. Sitawadanganya, ni kigumu, na nusu ya mwisho inataka mtu aliyekaa na takwimu. Ila swali lake moja nimeishi nalo: hizi gharama unazihesabu kwa jicho la nani?

Palikuwa na mpango wa kufuta safari ya mkoba, yaani sisi kuwafuata kina mama na kliniki, ya kitongoji kimoja, kwa sababu mafuta na posho vinakula elfu arobaini kila safari. Kwenye karatasi ya kituo, kuifuta ni kuokoa. Nilipokwenda safari iliyofuata nikawauliza kina mama 26 waliokuja kliniki ya watoto: mkitufuata nyinyi, inawagharimu nini? Bodaboda kwenda na kurudi, wengi walisema elfu nane. Hapo sijaweka siku ya shamba iliyopotea, wala maji, na kwenye uwanda wetu huu wa Makonde maji si jambo la kusahau. Nikachora safu mbili. Upande wa kituo, 40,000. Upande wa kina mama, 208,000. Na wenye watoto wawili wa kubeba wakaniambia wazi kwamba wasingekuja.

Niliipeleka kikaoni kwa mkono wangu. Safari haikufutwa, ilibaki ya kila miezi miwili badala ya kila mwezi. Nilitaka ya kila mwezi, na mpaka leo nataka.

Mwandikishaji wa CHF (Mfuko wa Afya ya Jamii), Ruangwa

Dada wa Newala, Mungu akubariki. Mimi naongezea makala, si kitabu: ya mchumi Kenneth Arrow ya 1963 kwenye jarida la American Economic Review, kuhusu mashaka na soko la tiba. Arrow anasema tiba hainunuliki kama samaki. Samaki unamfunua shavu ukaona. Ugonjwa hujui utakuja lini, na ukija, anayejua unahitaji nini ni yule yule anayekuuzia.

Nilipokuwa naandikisha kaya kwa 30,000 kwa watu sita kwa mwaka, waliokuja wa mwanzo walikuwa na sababu: mke mjamzito, mzee wa presha, mtoto wa selimundu. Wazima walisema tutakuja. Nilikuwa nawalaumu. Baadaye nikaona hata mimi nakosea wakati: nilikuwa nagonga milango Machi, hela ya korosho imeshakwisha kwenye ada, bati na madeni. Mwaka uliofuata nikaanza wiki ambayo malipo ya mnada yanaingia. Watu walewale waliokuwa wananikwepa wakaniita wenyewe.

Na someni Poor Economics cha Banerjee na Duflo, cha 2011. Kuna habari ya vijiji vya Udaipur, India: bila kambi za chanjo, watoto waliomaliza chanjo walikuwa karibu asilimia 6. Kambi zisizokosa siku zikawapandisha hadi kama 17. Walipoongeza kilo ya dengu kwa kila chanjo na sahani mtoto akimaliza, ikafika kama 38. Banerjee na Duflo walipata Nobeli ya uchumi 2019 pamoja na Michael Kremer.

Mleta mada

Nimesoma yote, na wenzangu wamesoma. Tumekubaliana hivi: The Goal nakala mbili, maana kitagombaniwa, na Poor Economics moja. Cha Brooks changu nakitoa kiingie kabatini. Cha Sweigart tutachapa zile sura za majedwali tuziweke kwenye faili. Drummond bei yake imetushinda kwa sasa. Dada wa Newala, tungeomba kukiazima mwezi mmoja, kama haitakuwa usumbufu.

Muuguzi, Newala

Hakuna usumbufu kaka. Nakifunga kwenye mfuko wa nailoni nampa kondakta wa basi la asubuhi. Msikiache dirishani, unyevu wa bahari hapo mjini unakunja kurasa.

Mleta mada

Kimefika dada, saa tisa alasiri, kikavu. Ndani nimekuta karatasi ya safu mbili, 40,000 na 208,000, kwa kalamu ya bluu. Niirudishe?

Muuguzi, Newala

Iacheni humo humo.