RAID 5 imeitema diski moja baada ya umeme kukatika, nifanyeje wakuu?

kiseva_cha_uani: Wakuu habari za usiku. Nina seva ya ofisini ya Ubuntu, diski 4 za TB 4 nimeziunga kwa mdadm (programu ya RAID ya Linux) kuwa RAID 5, yaani diski moja ikifa data inabaki, so napata kama TB 12. Juzi umeme umekatika ukarudi ukakatika tena (UPS betri ilishakufa, najua, msininange), asubuhi nawasha mafaili yapo ila mashine nzito kama imebeba zege. Kucheki cat /proc/mdstat nakuta [4/3] [UUU_], yaani diski 3 tu kati ya 4 zinafanya kazi, sdd (ile ya nne) imetupwa nje. Jamaa mmoja ananambia piga mdadm --create upya na diski zilezile itajipanga yenyewe. Humo kuna picha za harusi za wateja miaka mitatu na bakapu ya mwisho ni mwezi wa tatu.

mzee_wa_tamino: ACHA HAPOHAPO. Hiyo --create inaandika vichwa vipya (maelezo ya mpangilio wa RAID) juu ya diski, ukikosea mpangilio au mdadm yako ikianzia data sehemu tofauti na ya zamani, picha zote zinageuka uji. Huyo jamaa asiguse kibodi yako.

bibi_raid: Mdogo wangu saa hizi huna akiba yoyote, diski nyingine ikifa umekwisha. Anza na bakapu ya vile visivyorudi, ndo uguse sdd. Halafu smartctl -a /dev/sdd (inaonyesha afya ya diski), soma Reallocated na Current_Pending (sehemu mbovu za diski), zikiwa na namba kubwa nunua mpya. Zikiwa sifuri ila UDMA_CRC (makosa ya kusafirisha data) imepanda, mara nyingi ni kebo tu wala si diski.

kiseva_cha_uani: Dah, CRC 212, zingine zote sifuri!! Nimefungua kasha, kebo ya SATA imening'inia nusu nje, mende kaweka makazi pembeni.

mzee_wa_tamino: 😂 Badili kebo, kisha mdadm /dev/md0 --re-add /dev/sdd1. Kama ina bitmap, yaani rekodi ya sehemu zilizobadilika (mdstat itakuonyesha), itanakili yale yaliyobadilika tu. Ikikataa ndo utumie --add, ila hapo inajenga diski nzima, TB 4 jiandae masaa 7 au 8 na diski zote zinasomwa mwanzo mwisho, kwahiyo bakapu KWANZA.

kiseva_cha_uani: Re-add imekubali, dakika chache tu [UUUU]. Asanteni sana aisee.

bibi_raid: Na bakapu?

kiseva_cha_uani: …naanza sasa hivi dada.

bibi_raid: Nilijua.