Naomba ushauri: mabomba na mipira ya kuvuta vumbi la mbao katika karakana ya nyumbani

Mninga_wa_Goba:
Wakuu, nawasalimu. Nina karakana ndogo nyuma ya nyumba, yenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 3 na nusu, ambamo hutengeneza makabati na vitanda vya mninga na mtiki baada ya saa za kazi. Mwezi uliopita nilinunua mashine ya kuvuta vumbi ya HP 1.5, ambayo kibao chake kinadai kwamba huvuta mita za ujazo 2,000 kwa saa. Nimeiunganisha na mashine zangu, kwa zamu, kwa mpira wa mikunjo wa inchi 4 wenye urefu wa mita 7, na matokeo yamenivunja moyo. Maranda ya randa ya umeme yanavutwa kwa shida, na vumbi laini linaendelea kutua juu ya nguo zilizoanikwa uani, jambo ambalo limekwisha kuitishiwa kikao hapa nyumbani.

Nafikiria kutumia mabomba ya PVC ya maji taka ya inchi 4, lakini jirani amenitisha kwamba PVC hutengeneza umeme wa msuguano na yanaweza kuwaka. Je, nitumie PVC, bati, au ninunue mashine kubwa zaidi? Ninazo msumeno wa meza, randa ya umeme na sanda ya mkono (mashine ya kupiga msasa).

Mkereza:
Ndugu yangu, kabla ya kuilaumu mashine, ulaumu mpira. Ile mikunjo ya ndani huukwamisha upepo mara mbili hadi tatu kuliko bomba laini la kipenyo hichohicho, kwa hiyo mita zako 7 ni kama umeweka bomba la mita 14 au zaidi, na hapo sijahesabu kona. Mpira ubaki mwishoni tu, pale mashine inapohitaji kusogezwa, na usizidi mita moja.

Jambo la pili ni kipenyo. Ili maranda yasitue njiani, upepo unapaswa kwenda kwa kasi ya takriban mita 20 kwa sekunde, na bomba la inchi 4 kwa kasi hiyo hupitisha mita za ujazo zisizofika 600 kwa saa. Ungenunua mashine ya HP 3, bomba hilo lingeendelea kuibana. Ukitazama mdomo wa mashine yako, huenda ukakuta kwamba yale matundu mawili ya inchi 4 yamo kwenye kigawanyio kinachofunguka kwa skrubu, na nyuma yake kuna tundu kubwa zaidi. Kifungue, kisha uvute bomba kuu la inchi 6 kutoka hapo.

Fundi_Bati:
Nakubaliana na Mkereza kuhusu mpira, lakini kwenye inchi 6 naomba nimpinge kwa heshima. Bomba hilo linahitaji karibu mita za ujazo 1,270 kwa saa ili kasi ifikie hiyo 20, na takwimu ya kibaoni hupimwa mashine ikiwa haina bomba wala mfuko mchafu. Ukifunga kila kitu, ni bahati kubaki na nusu yake. Maranda yatalala ndani ya bomba, hasa mahali linapopanda kwenda juu. Inchi 5 inatosheka kwa mita za ujazo 900 hivi, na ndiyo ningeichagua.

PVC za inchi 5 ni adimu madukani, lakini mafundi bati wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, wanaweza kukukunjia kwa kipimo unachotaka. Uwaambie kwamba ncha inayoingia ndani ya nyingine ielekee upande wa mashine ya kuvuta, ili maranda yasikwame kwenye ukingo wa kiungo. Badala ya tii (kiungo chenye umbo la T), wakutengenezee tawi la nyuzi 45, na kila kona ya nyuzi 90 igawanywe kuwa kona mbili za nyuzi 45 zenye kipande kifupi kati yake. Bati pia linamaliza hofu ya jirani yako, kwa kuwa linaunganishwa moja kwa moja na waya wa ethi, unaoupeleka umeme ardhini.

Mninga_wa_Goba:
Nashukuru sana. Nimefungua kigawanyio, na kweli kuna tundu la inchi 5 na ushei. Tatizo ni kwamba tayari nilikuwa na vipande viwili vya PVC vya inchi 4, na mpira wa inchi 4 haukubali kuvivaa.

Mkereza:
Hautakubali, kwa sababu PVC ya maji taka inayoitwa ya inchi 4 ina milimita 110 kwa nje, ilhali mpira ni wa takriban 100. Kereza pete ya plaiwudi kama kiungo, au ulainishe ncha ya bomba juu ya jiko la mkaa na kuibana, ukiwa nje na bila kuiacha iungue, maana moshi wa PVC ni sumu. Vipande hivyo vitumie kwenye matawi mafupi ya msumeno na randa. Hoja ya Fundi_Bati kuhusu inchi 5 nimeikubali.

Mama_Vumbi:
Sanda ya mkono msiiunganishe na mfumo huo kabisa. Tundu lake dogo linahitaji mvuto mkali wa mashine ya kufyonzea vumbi ya nyumbani, yenye mpira wa milimita 35 hivi. Na mfuko wa kitambaa ulioletwa na mashine uangaliwe: kama unapitisha chembe za mikroni 30 (yaani milimita 0.03), vumbi la mninga litatoka upande wa pili na kurudi kwenye nguo zilezile, hata bomba likiwa la dhahabu.