Naomba ushauri: soseji za nyumbani zenye chumvi kidogo lakini zenye ladha

MwanaMoro:
Habari za jioni wadau. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa jikoni na wa bucha.

Baba yangu ana presha, yuko kwenye dawa, na kliniki wamemwambia apunguze chumvi. Kwenye mboga tumeshapunguza, viungo vya mchemraba tumeacha, mkate wa dukani anakula kidogo. Kilichobaki ni soseji. Mzee amezizoea na chai ya asubuhi, na sina moyo wa kumnyima kabisa. Nimeamua nimtengenezee mwenyewe.

Nanunua nyama ya ng'ombe iliyosagwa, natia kitunguu saumu, pilipili manga na chumvi kidogo sana, nafinyanga, nakaanga. Kwanza zinamong'onyoka kikaangoni, zinakuwa kama nyama ya sambusa. Pili, ladha haipo, mzee anakula kwa kunionea huruma tu. Mashine ya kusagia ya mkono ninayo, utumbo wa kujazia naweza kupata. Nguruwe hatuli.

Bucha_la_Mtaa:
Pole na hongera dada, kumhangaikia mzazi ni jambo jema. Hayo mawili uliyoyataja yana chanzo kimoja. Chumvi kwenye soseji haileti ladha tu. Ndiyo inayotoa protini za nyama nje, zinakuwa kama gundi, soseji inashikana. Ukiipunguza, gundi inapungua, kwa hiyo inabidi uipate kwa njia nyingine.

Njia ya kwanza ni baridi. Usinunue ya kusaga. Nunua kidari cha ng'ombe chenye mafuta yake, uone mwenyewe kwamba kama robo ya uzito ni mafuta. Kata vipande, weka friza mpaka viwe vigumu kwa nje lakini kisu bado kinapita. Kile chuma na kisu cha mashine navyo viingie friza. Nyama ikipata joto wakati wa kusaga, mafuta yanalainika na kupaka kila kitu, halafu kikaangoni yanakimbia yote na kukuachia makapi.

Njia ya pili, na hii ndiyo muhimu kwako: usisambaze hiyo chumvi kidogo kwenye nyama yote. Kwa kilo moja, chukua robo kilo ya nyama nyekundu isiyo na mafuta, isage, tia chumvi yote humo, kisha kanda kwa nguvu pamoja na vijiko viwili vitatu vya maji ya barafu. Endelea mpaka ikunate. Ukiibandika kiganjani na kugeuza mkono chini, isidondoke. Hapo ndipo unachanganya na nyama iliyobaki na mafuta. Nyongeza: ute wa yai moja na kiazi mviringo kimoja kilichochemshwa bila chumvi, kikapondwa na kupoa kabisa. Chenga za mkate wa dukani achana nazo, zina chumvi yake tayari.

Kijana_Mpishi:
Mimi ningekushauri utie mchuzi wa soya badala ya chumvi, unaleta ladha nzito. Na magadi kidogo kulainisha.

Nesi_wa_Zamu:
Hapana ndugu yangu, kwa mgonjwa wa presha hapo umerudi kulekule. Kijiko kimoja cha chakula cha mchuzi wa soya wa kawaida kina karibu miligramu 900 za sodiamu, ile sehemu ya chumvi inayopandisha presha. Magadi nayo ni sodiamu tupu ya aina nyingine, hata kama ulimi hauisikii chumvi.

Dada MwanaMoro, nikupe hesabu ili ujue unapopimia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, sawa na miligramu 2000 hivi za sodiamu. Soseji za kawaida hutengenezwa kwa gramu 15 hadi 20 za chumvi kwa kilo ya nyama. Gramu moja ya chumvi ni karibu miligramu 400 za sodiamu, kwa hiyo soseji moja ya gramu 75 inaweza kumpa mzee miligramu 500 au zaidi kabla hajagusa kitu kingine. Ukitia gramu 3 kwa kilo, yaani nusu kijiko cha chai, ukajumlisha na sodiamu ya asili ya nyama yenyewe, soseji hiyohiyo itakuwa na kama miligramu 130 hadi 150. Tofauti ni kubwa mno. Hiyo nusu kijiko iwe ya chumvi yenye madini joto, maana chumvi anayoipata sasa ni kidogo.

Jambo jingine naomba ulisikie vizuri. Kuna chumvi mbadala zinazouzwa, zimetengenezwa kwa potasiamu. Usimpe mzee bila kumuuliza daktari. Anayetumia enalapril, lisinopril, losartan au spironolactone, au mwenye figo dhaifu, potasiamu inaweza kumpanda mwilini hadi ikavuruga mapigo ya moyo. Angalia pakiti zake za dawa.

Unguja_Jikoni:
Bi dada, shikamoo ya baba nifikishie. Suala la ladha niachie mimi.

Viungo vyako ni vichache na naona unavitia vibichi. Chukua giligilani kavu vijiko viwili vya chai, uzile kijiko kimoja, pilipili manga kijiko kimoja. Kaanga bila mafuta kwenye moto mdogo, ukitikisa, mpaka harufu ikupande puani na giligilani ianze kurukaruka. Epua hapohapo, zikiungua ni uchungu. Acha zipoe, twanga ziwe chengachenga, zisiwe vumbi, ili mzee akitafuna akutane nazo. Kuna kungumanga ndogo ya kukwaruza na karafuu mbili za kusaga. Karafuu usizidishe, itafunika kila kitu.

Halafu ule utamu wa nyama nzito unaoukosa. Kitunguu maji kikaange taratibu hadi kiwe rangi ya kahawia, kipoe. Nyanya zichome, zimenye, zipike mpaka zikauke ziwe rojo nzito, tia vijiko viwili. Ukipata uyoga mkavu, usage unga, kijiko kimoja cha chakula. Vitu hivi vitatu vinajaza mdomo bila chumvi. Saumu iwe nusu mbichi, nusu ya kuchoma.

Uchachu ndio unaomdanganya mtu aone chumvi ipo. Ila usikamulie ndimu kwenye nyama mbichi, itaivisha na gundi ya Bucha itapotea. Ndani tia ganda la limau lililokwaruzwa, ile njano tu. Ndimu yenyewe, au ukwaju mzito uliopikwa na pilipili, iwe mezani.

Kabla ya kujaza, kaanga kidonge kidogo uonje. Kama kimepooza, ongeza viungo au ganda la limau, mkono usiende kwenye chumvi.

Jirani_wa_Thika:
Salamu kutoka huku Kenya. Kwa vile umetaja utumbo, huo kwa kawaida huhifadhiwa ndani ya chumvi. Usipouosha sawasawa, kazi yote inaharibika. Uloweke usiku kucha, badilisha maji mara kadhaa, kisha shika mdomo mmoja wa utumbo kwenye bomba na uache maji yapite ndani mpaka mwisho. Sisi wa mutura, soseji ya kienyeji ya huku, tunajua kazi hiyo.

Na usikaange. Zipike kwanza kwenye maji yanayotoa mvuke bila kutokota, nyuzi 80 hivi, mpaka katikati ya soseji pafike 71. Zipoe, kisha uzipitishe juu ya makaa zipate rangi. Moshi wa makaa ni ladha tosha. Kachumbari pembeni, bila chumvi, yenye dania na ndimu nyingi.

MwanaMoro:
Asanteni sana, sijui niseme nini. Nesi, nimeangalia pakiti, mojawapo ni losartan, kwa hiyo hiyo ya potasiamu siigusi mpaka kliniki ijayo. Unguja, salamu zimefika, mzee anasema marahaba. Maswali mawili: naweza kutumia kuku? Na nikitengeneza nyingi, nizikaushe au nizifukize moshi ili zikae muda mrefu?

Bucha_la_Mtaa:
Kuku sawa kabisa, tumia mapaja pamoja na ngozi yake, kidari cha kuku kitakuwa kikavu. Yeye aive mpaka nyuzi 74.

Kukausha au kufukiza kwa moshi wa polepole, hapana. Soseji za aina hiyo hulindwa na chumvi nyingi pamoja na nitriti, yaani kihifadhi cha nyama ambacho pia huipa wekundu, na wewe huna hata kimoja. Nyama ikikaa kwenye joto la vuguvugu kwa saa nyingi, bakteria wabaya wanazaliana, na sumu ya wengine huigundui kwa harufu wala kwa rangi. Usishangae pia zikiiva na rangi ya kahawia badala ya ule wekundu wa dukani.

Mbichi kwenye friji zisizidi siku mbili. Zilizobaki zipange kwenye sinia zisigusane, zigande, kisha zitie kwenye mifuko ya idadi ya mlo mmoja, andika tarehe, zitumike ndani ya miezi miwili. Kuyeyusha ni ndani ya friji tangu usiku. Umeme ukikatika muda mrefu na ukakuta zimelainika na joto limeingia, tupa.

Nesi_wa_Zamu:
Na soseji hizo zisiwe za kila siku, dada, mbili mara chache kwa wiki zinatosha. Wiki za mwanzo atalalamika, ulimi unahitaji muda kuzoea. Usimwekee kichupa cha chumvi mezani. Presha endelea kumpima na kuandika, kliniki watataka kuiona.