Mama kapimwa mara mbili, majibu mawili tofauti. Nishike lipi?

Bint Pangani
Habarini wakuu. Mama yangu ana miaka 68 na ana kisukari. Jumatatu aliamka na homa, koo linamkwaruza. Asubuhi hiyohiyo zahanati wakampima korona kwa kipimo cha haraka: mstari mmoja, hana. Alhamisi kifua kikambana, nikampeleka kwingine, wakachukua PCR, kile kipimo cha maabara. Jana majibu yametoka: anayo. Zahanati wanasisitiza chao hakikosei. Kaka yangu anasema vyote ni kubahatisha, tumpe tangawizi basi. Naombeni ushauri.

Mtu wa Maabara
Pole sana dada. Hayo majibu hayapingani. Kipimo cha haraka kinatafuta protini ya kirusi, kwa hiyo mpaka virusi viwe vingi ndipo mstari wa pili utokee. PCR inarudufisha vinasaba vyake mara mamilioni, hata vikiwa vichache vinaonekana. WHO, Shirika la Afya Duniani, ilitaka vipimo vya haraka vinase angalau wagonjwa 80 kati ya 100. Maana yake kuna watakaopita. Mimi ningeshika "anayo". Kijiti kilifika wapi puani?

Bint Pangani
Mlangoni tu. Alipiga chafya wakakitoa.

Mtu wa Maabara
Basi sampuli yenyewe ilikuwa haba. Na huo mstari mmoja uliotokea, wa C, usikudanganye: unaonyesha maji yamepita na kipimo kinafanya kazi, hausemi kama kijiti kilibeba kitu.

Mzee wa Ngamiani
Mbona 2020 tuliambiwa hata papai na mbuzi wanayo? Nitaiaminije hiyo PCR?

Mtu wa Maabara
Shikamoo mzee. Swali lako ni la haki, Rais Magufuli aliyasema hayo Mei 2020. PCR nayo hukosea, hasa sampuli moja ikichafua nyingine. Ndiyo maana kila tunapopima tunaweka na kichupa kisicho na sampuli ya mtu. Kikisoma "anayo", majibu yote ya mkupuo huo tunayakataa. Ila kwa mama huyu, mashine imesema kilekile ambacho mwili wake unasema.

Nesi wa Zamu
Dada, tafuta kile kifaa cha kubana kidoleni upime oksijeni. Ikiwa chini ya 94, au anahema kwa shida hata akiwa amekaa, mrudishe hospitali leo. Sukari pia mpime, homa huipandisha. Na akishapona usimrudie PCR, inaweza kusoma "anayo" wiki kadhaa.

Bint Pangani
Nimeazima kwa jirani. Inasoma 91. Bajaji iko mlangoni, tunatoka.